Nafasi ya Kuitikia

Enzi zetu kule Kulesa barua haikusomwa, ilisikilizwa. Baba alikuwa kibarua bandarini Mombasa, mama hakujua kusoma, na kati yao palikuwa na kaseti moja tu, iliyosafiri na utingo wa basi ndani ya mfuko wa nailoni. Mama akisharekodi yake, baba alirekodi jibu juu yake, kwa hiyo kila barua iliifuta iliyotangulia. Hatukuona ajabu. Kaseti zilikuwa adimu na maneno yalikuwa mengi.

Juzi nimeishusha ile redio ya kaseti kutoka juu ya kabati, hapa Garsen ninakoishi peke yangu tangu mume wangu afariki. Tope la mafuriko lilikuwa limekaukia ndani. Nimelichokonoa kwa mswaki, nikapangusa kichwa kinachosoma utepe kwa pamba na spiriti, nikabadilisha mkanda wa mpira uliolegea, kisha nikaunganisha waya na kompyuta ili niinakili ile kaseti. Fundi alinionya kwamba utepe umechoka, ukikubali kuzunguka mara moja nishukuru. Sauti ya mama haipo kwingine kokote duniani.

Siku ya kurekodi mama alioga na kujifunga leso mpya, utadhani baba angemwona. Betri zilishinda juani ili zipate nguvu. Sisi watoto tulirudi mbio kutoka kuamia ndege wasile mpunga, miguu imejaa matope, na jikoni kambare ananukia. Mimi nilikuwa darasa la nne, ndimi fundi mitambo wa nyumba, na nilijiona sana. Mama Mpokomo wa kijiji cha Hewani, baba Mgiriama, hivyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili.

"Baba Kadzo, hujambo?" Mama alianza hivyo, kisha akanyamaza, akiitazama redio mpaka aridhike kwamba baba ameitikia huko aliko. "Umeamkaje?" Kimya. "Kazi je?" Kimya. Kwetu salamu ya upande mmoja si salamu, ni kumpigia mtu kelele. Lakini mimi na akili zangu niliona betri zinaliwa bure. Basi kila alipotulia nilibonyeza kitufe, nikasimamisha utepe, na mama hakujua.

Jibu la baba lilipokuja, lilianza na mimi. "Kadzo, mwache mama yako anyamaze. Safari hii amenikimbiza, hata sikupata nafasi ya kuitikia." Nilitamani ardhi inimeze. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso.

Kaseti iliyofuata niliiacha izunguke. Baba hakuijibu, alipata likizo, akaja nayo mfukoni, akasema jibu amelileta kwa miguu. Haikufutwa tena, na ndiyo hii niliyo nayo. Wote wawili sasa wamelala Kulesa.

Utepe ulikubali. Sauti ya mama ilipotoka nilishika meza. Nikawatumia nakala watoto wangu walioko Nairobi, ingawa nawajua vijana wa leo: hata mzazi wao wanamsikiliza kwa kasi maradufu, utafikiri wanawahi treni. Kesho yake kifungua mimba wangu akanitumia ujumbe: "Mum, nimeisafisha. Ilikuwa na mapengo mengi, nimeyakata. Sasa ni dakika nne tu."

Nilitaka kumkaripia, nikakumbuka kidole changu mwenyewe kwenye kile kitufe. Nikamwandikia ayarudishe mapengo, yale ni ya babu yake. Akanijibu kwa kidole gumba.

Zamani nyumba yetu haikuwa na simu hata moja, lakini mtu akisema hujambo, sauti tano zilimwitikia. Leo simu yangu imejaa majina, na siku inapita bila mtu kuniuliza nimeamkaje. Nimekuwa mpweke, sioni haya kusema.

Mchana huu nimefungua ile isiyokatwa. Sufuria iko kwenye meko, sijaigusa, maana kumpikia mtu mmoja ni kazi kubwa kuliko kuwapikia saba. Mama akasalimia, nami nikaitikia kila salamu, taratibu, kama baba alivyotaka.

"Umekula?" akauliza.

"Bado, mama," nikasema.

Akangoja. Nyuma yake alisikika jogoo, na mtoto akikohoa, nadhani ni mimi.

"Haya, vizuri," akasema, akaendelea na habari za mpunga.