Lori Lisilorudi Nyuma na Mama Mkwe wa Nkowe

Gari nililojifunzia kuendesha halikuwa na rivasi. Naanza na hilo maana ndilo lililonipa mke, na kama lingekuwa na rivasi nzima sijui leo ningekuwa nimelala kwa nani.

Lilikuwa lori la jeshi, la vita ile kubwa. Vita ilipokwisha, vyombo vyake vingi vililetwa Nachingwea kwenye mashamba ya karanga. Hata vifaru vilikuja, vimeng'olewa mizinga na kufanywa matingatinga ya kung'oa miti. Nami nilikuwepo, kijana, nakata vichaka kwa panga mbele ya matingatinga hayo. Watu wanasimulia mshahara na mikebe ya nyama ya Wazungu. Mimi nakumbuka mtetemeko. Tingatinga likipita, uji unacheza kwenye kibuyu. Nikawa nasimama na panga langu, mdomo wazi, mpaka nyapara ananitukana. Nilitaka nami niwe ninayetetemesha, si ninayetetemeshwa.

Karanga hazikustawi, hiyo inajulikana. Wengi tukaachishwa. Lori moja likanunuliwa na mwenye duka wa Ruangwa, akawa anapeleka chumvi na nguo vijijini na kurudi na ufuta, mihogo mikavu na mbaazi. Milango halikuwa nayo. Kioo cha mbele kilikuwa na ufa kama mto wenye vijito. Kulitia moto lazima hendeli, unazungusha kwa mbele huku unaomba Mungu, kwa sababu hendeli ile ilikuwa na tabia ya kurudi kwa ghafla na kumpiga mtu. Na meno ya rivasi yalikuwa yameliwa yote. Ukiweka rivasi linanguruma tu, haliendi popote.

Dereva wake alikuwa Mngoni wa Songea, mtu mzima, mwenye suruali moja ya kaki iliyotiwa viraka mpaka huwezi kujua kiraka ni kipi na suruali ni ipi. Wangoni wanajifanya watani wetu sisi Wamwera, kwa hiyo kila neno lake lilikuwa tusi na hakuna ruhusa ya kukasirika. Mimi nikawa tanboi wake, msaidizi wa garini.

"Mtani," aliniambia siku ya kwanza, "madereva wa Lindi wanajifunza kwenda mbele na kurudi nyuma. Wewe utajifunza kwenda mbele tu. Sasa tumia akili, kama wazee wako walikuachia kidogo. Kabla hujaingia mahali, ujue utatokea wapi."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kila kijiji tulijua mahali pa kugeuzia. Matambarale tulizunguka uwanja wa mpira. Nanganga tulizunguka shamba la mihogo la mzee mmoja, ambaye kila tukipita alitoka na fimbo, na kila tukipita Mngoni alimpa kipande cha chumvi, na fimbo ikarudi ndani. Kwingine tulienda mbele mpaka tukapata nafasi, hata kama nafasi iko mbali na tulikokuwa tunakwenda. Mteja anapiga kelele, "Nimeshafika, nishusheni!" Mngoni anajibu, "Umefika wewe, gari halijafika."

Nikajifunza klachi, nikajifunza gea, nikajifunza kupampu breki kabla haijahitajika. Usukani ulikuwa mzito kama kusonga ugali wa msiba. Lakini nilipenda, wacha niseme kweli. Nilipenda kuliko chakula.

Sasa nije kwenye mchumba.

Msichana alikuwa wa Nkowe. Kwetu, mume ndiye anayehamia kwa mke, na kabla hajapewa lazima alime. Unajenga kibanda kwa wakwe, unalima shamba lao msimu mzima, wanakutazama. Mavuno yakiingia, mama wa msichana anakaa na kaka yake, yaani mjomba wa msichana, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho, na wanasema huyu abaki au huyu aende. Nililima. Mungu ananiona, nililima. Ila kila siku lori lilipopita na mwenye duka akataka tanboi, niliacha jembe nikaenda. Mama mkwe hakulipenda jambo hilo hata kidogo. Sikuambiwa naye, maana hatukuruhusiwa kusemezana. Niliambiwa na mchumba wangu jioni, kwenye ua.

"Mama anasema watu wa magari ya karanga walikuja na wakaondoka. Anasema jembe halina magurudumu."

"Mwambie nitabaki."

"Mwambie wewe kwa kulima."

Na huku kutosemezana na mama mkwe si mchezo. Mkwe wa kike hutazamani naye uso kwa uso. Ukimwona njiani anakuja, unatoka njiani wewe, mwanamume, unaingia porini, unachuchumaa na kumpa mgongo mpaka apite. Yeye hatoki njiani. Yeye harudi nyuma. Mkwe wa kike kurudi nyuma ampishe mkwe wa kiume, hilo ni kama mvua kupanda juu. Ukikosea ukiwa umeshaoa, unatoa kuku na yanaisha. Ukikosea hujapewa mke, unaweza kuambiwa uchukue mkeka wako.

Nilikuwa hodari wa kuchuchumaa. Siku moja nilichuchumaa juu ya siafu na sikuinuka. Hayo nayo yalisemwa kijijini, kwa sifa.

Mavuno yalikuwa yamekaribia, mtama umeshainamisha vichwa, siku tulipokwenda Nkowe na chumvi. Asubuhi ile hendeli ilirudi ikampiga Mngoni kifundo cha mkono, kikavimba kama kiazi. Akaapa kwa Kingoni, akakaa upande wangu na akasema, "Haya, bwana dereva. Leo ndiyo leo. Mimi abiria." Akatoa ming'oko yake ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye karatasi akaanza kumenya kwa mkono mmoja na meno.

Nikaendesha. Peke yangu, nasema. Nilikuwa naimba. Kabla ya Nkowe barabara ilikuwa inapanda ndani ya mfereji, mvua zimechimba, kingo huku na huku zimesimama juu kuliko bodi ya gari. Upana ni wa lori na mkono mmoja. Tukaingia, tukapanda, tukafika karibu na juu, na mbele yetu, wakiteremka kwenda kisimani, wakatokea wanawake na mitungi kichwani. Wa mbele kabisa, mnene, kanga ya rangi ya udongo mwekundu, alikuwa mama mkwe.

Nikakanyaga breki. Gari likazama mchangani, likazimika.

Sikuona la kufanya. Naandika kama ilivyokuwa: nilijikojolea kidogo. Nikakamata gunia tupu la chumvi nikajifunika kichwa.

"Unafanya nini?" Mngoni akauliza, mdomo umejaa.

"Mkwe!"

"Basi rudi nyuma."

"Nirudi na nini?"

Akaacha kutafuna. Akacheka mpaka kifundo kikamuuma, akawa anacheka na kulia pamoja. "Ee mtani! Nilikwambia ujue utakapotokea!"

Huku mbele mama mkwe alikuwa ameshatupa mgongo, kwa heshima zake, mtungi umetulia kichwani. Nilimsikia mwanamke mmoja kijana akimwambia, "Mama, turudi sisi mpaka kule juu, gari lipite."

"Nirudi?" mama mkwe akasema. "Mimi nirudi? Kwa ajili ya nani?"

"Mama, gari hilo haliwezi kurudi. Kijiji kizima kinajua."

"Basi litasukumwa. Lakini litapisha."

Akatua mtungi wake. Wenzake wakatua. Nami chini ya gunia nasikia kila kitu na natamani mchanga unimeze.

Mngoni akashuka. Usukani hakuuweza kwa mkono ule, kwa hiyo ilibidi nikae mimi. "Vua gunia," akanong'ona, "na ugeuke. Tazama nyuma. Tazama nyuma tu, hata ukiitwa kwa jina la baba yako. Mimi nitakuwa kule chini na jiwe."

Nikavua gunia nimeshageuza shingo. Kule nyuma namwona Mngoni na jiwe lake. Nikakanyaga klachi. Nikasikia viganja vinapigwa kwenye boneti, na sauti ya mama mkwe, lakini hasemi na mimi. Anasema na lori.

"Wewe gari, huna adabu. Wewe gari, hukufundwa. Umezaliwa huna kurudi nyuma, mama yako alikuwa nani?"

Wanawake wakacheka wakasukuma. Halikutikisika. Mama mkwe akasema, "Ngojeni." Baadaye mchumba wangu alinieleza, maana mimi sikuona: mama mkwe aligeuka, akaweka mgongo na makalio yake kwenye pua ya lori, akachimbia visigino mchangani, akasukuma namna hiyo. Kwa hiyo yeye alitazama Nkowe, mimi natazama Ruangwa, na lori lote liko katikati yetu, hakuna aliyemwona mwenziwe.

Likatoka mchangani. Na likishatoka, lile lilikuwa teremko, likaanza kwenda lenyewe.

"Kushoto!" Mngoni anapiga kelele. "Kushoto, shetani wee! Kulia sasa! Sasa nyoosha!"

Sikuwa nimewahi kurudi nyuma maishani. Kila ninapokata huku, linakwenda kule. Nikapampu breki, hamna. Nikapampu tena, kidogo. Bodi ikakwangua ukingo, udongo ukaanguka kichwani mwangu, shingo imejipinda kama ya kuku aliyechinjwa, na bado sikugeuka. Mahali mfereji unapokwisha palikuwa na uwazi wenye mikorosho michanga. Nikakata usukani kwa nguvu zote, likaingia kinyumenyume, likavunja mkorosho mmoja, na Mngoni akatupa jiwe lake chini ya gurudumu. Likasimama.

Nikabaki vilevile. Nikasikia hatua za wanawake zinapita mbele, mitungi imerudi vichwani, wanacheka. Hatua moja ilikuwa nzito. Ikasimama.

"Wewe gari," mama mkwe akasema, "siku nyingine piga honi kabla hujaingia mule."

Zikaondoka. Mngoni akanitazama, akanipa mng'oko mmoja, wa kwanza kunipa tangu tujuane.

Ile shingo haikunyooka mpaka mtama ulipoingia ghalani. Nilivuna nimeipinda, natazama begani kama mwizi. Kila usiku nikiwaza: nilifika mbele yake kama mnyama, nikamfanya asukume chuma, hapa hapana mke.

Siku ya neno, mjomba alinikalisha uani. Mama mkwe alikuwa ndani, mlango umerudishwa, nasikia anapepeta. Mjomba alikuwa mtu wa maneno mengi. Alianza na mtama, akaenda kwenye nguruwe pori, akaenda kwa babu yake na vita vya Mjerumani, nami mchumba wangu namwona pembeni anakunja ncha ya kanga.

Mwishowe akasema, "Kuhusu lile gari. Dada yangu nimemuuliza."

Kupepeta kukasimama.

"Nimemuuliza: huyu kijana alikupisha au hakukupisha? Akasema, alinipisha. Nikasema, gari lile halirudi nyuma. Akasema, halirudi, na alinipisha." Akanitazama shingo. "Akasema hata shingo yako haijarudi mpaka leo. Basi. Jenga nyumba kubwa kuliko hicho kibanda. Na ule mkorosho uliouvunja, panda mwingine."

Kupepeta kukaanza tena, kwa kasi.

Nilipanda mikorosho mitatu. Miwili inazaa mpaka leo.

Leseni niliipata Lindi baadaye, kwa gari lingine, na yule askari aliponiambia nirudi nyuma niligeuza shingo mara moja, akasema hajaona mtu anayetazama nyuma kwa bidii namna ile.

Lakini lori lile niliendelea nalo miaka, mpaka injini ikafa. Na kila nilipokaribia mfereji wa Nkowe nilipiga honi, honi yake ya mpira, inalia kama bata aliyekanyagwa. Ilianza kwa kuogopa. Siku moja nikasikia toka uani kwa mama mkwe mchi unagongwa kwenye ukingo wa kinu, mara mbili, ngo ngo. Nikafikiri anatwanga. Safari nyingine nikapiga honi, ngo ngo. Nikarudi jioni, honi, ngo ngo.

Mke wangu alikuwa mjamzito wa kwanza wakati huo. Nikamuuliza, "Mama anatwanga nini kila ninapopita?"

Akacheka. "Kinu kitupu. Anasema salamu hairudishwi kwa mdomo tu."