Kuku Aliyeliwa kwa Ajili ya Nyasi

Harufu ya udongo mkavu unaponyeshewa mara ya kwanza, mwezi wa tisa, bado hunifanya nitazame mikono ya watu. Kwetu Bagira, Papa, baba yangu, alikuwa na pelouse, kiwanja cha nyasi za mapambo, mbele ya mlango, si kubwa kuliko mikeka minne, na aliipenda kuliko alivyompenda Kadogo, kuku wangu wa madoadoa. Sherehe ya mahari ya dada yangu ilipoisha, miguu ya wageni ilikuwa imeacha upara katikati. Papa, mwalimu mwenye subira ya kuchosha, aliulima upara ule, akausawazisha kwa reki, akamwaga mbegu za nyasi alizoletewa na rafiki yake, kisha akauzungushia kamba. Majirani walipita wakimtazama kwa jicho la pembeni. Mtu anayepanda nyasi wakati wenzake wanazing'oa shambani, walisema, lazima ana jambo amelifukia pale. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hata mimi nilianza kumshuku baba yangu mwenyewe.

Wakati huo Nyakulu, yaani bibi, mama yake Papa, alikuwa amekuja kutoka Nyangezi kututembelea. Aliutazama udongo ule mweusi, laini, akaguna tu. Jumapili tulimwacha nyumbani, goti likimuuma, tukaenda misa. Tuliporudi, kamba ilikuwa imelegea, udongo umefukuliwa, na Kadogo amesimama katikati akidonoa.

"Hii mwizi, leo njo mwisho yake," Papa alisema, akashika kisu.

Nililia, nikamkumbatia Kadogo. Nyakulu alikuwa ameketi, mikono ameificha chini ya kitenge. Alipoitoa kupokea maji ya kunywa, niliona udongo mweusi umejaa kwenye kucha zake. Nilifungua mdomo, Maman, mama yangu, akanikazia macho, nikaufunga, maana kwetu mtoto hamwiti mkubwa mwizi. Jioni Papa alimpa mama yake firigisi ya Kadogo kwa heshima. Aliitafuna polepole, akinitazama. Mimi sikula, na nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Wiki moja baadaye, mahali pa nyasi yaliota maharagwe, mstari kwa mstari.

"Maman, kuku ya wapi inapandaka maharagi mu ligne?" Papa alimuuliza mama yake.

"Udongo muzuri vile, na mvua imeanguka, unaipatia majani ya ngombe?" Nyakulu alijibu. "Nilizani walikudanganya, mwana wangu."

Juu ya Kadogo hakusema neno. Maharagwe yale tuliyala mwezi wa kumi na mbili, na yalikuwa matamu, jambo lililoniudhi zaidi.

Nyakulu amekwisha kufariki, na nyumba ile sasa ni yangu. Mwezi huu wa tisa nimepanda nyasi palepale. Juzi, niliporudi kutoka misa, nilikuta udongo umefukuliwa, kuku wa binti yangu yuko katikati, na binti yangu analia kabla sijasema lolote. Zamani Papa alishika kisu. Mimi nilikumbuka kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nikampita kuku, nikaingia ndani alikokuwa ameketi Maman, ambaye sasa ndiye nyakulu wa nyumba.

"Maman, onesha mikono yako."

Aliiingiza haraka chini ya kitenge.