Picha Niliyoahidi Kumpiga Mama Mkwe Chini ya Taa za Kaskazini

Niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Upendo, maana Upendo akisimulia jambo huongeza chumvi mpaka wewe mwenyewe uliyekuwepo unaanza kujishuku: ile picha inayozunguka kwenye magrupu ya simu, ya mwanaume mzima aliyevaa suti ameng'ang'ania mama wa watu chini ya mbingu nyekundu, ndiyo, ni mimi, na yule mama ni mama mkwe wangu, na hapana, hatukuwa tunacheza densi. Nimeshaaibika mara nyingi maishani (niliwahi kusimama kanisani kushukuru kwa niaba ya familia ya bibi harusi, kumbe nimeingia harusi ya watu wengine), lakini hii ya huku Birmingham, Uingereza, imenimaliza kabisa.

Mama alikuwa amekuja kumsaidia mke wangu, Mercy, baada ya kumzaa Wafula wetu. Sasa kwa wale wasiotujua sisi watu wa Bungoma, niwaeleze kidogo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai karibu, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata nje kukiwa na theluji ya magoti. Kwa hivyo muda wote aliokaa huku alikuwa akilala kwa Upendo, nesi Mtanzania tunayesali naye, jirani yetu pale Kings Heath, asubuhi anakuja kwetu na jioni anarudi, na mimi nikitoka kazini nagonga mlango wa nyumba yangu mwenyewe, ninayoilipia kodi, ili apate nafasi ya kuhama kiti. Hata kuongea hatuongei moja kwa moja. Nimesimama pale pale, utasikia, "Mercy, mwambie Baba Wafula chakula kiko mezani," nami najibu, "Mercy, mwambie Mama asante sana," na Mercy katikati anatutazama kama watu waliorogwa.

Mama alikuwa na ombi moja tu. Upendo alikuwa amemwonyesha kwenye simu zile taa za kaskazini, zile rangi zinazocheza angani kwenye nchi za baridi, na Mama kwa furaha akawapigia wanawake wenzake wa kanisani huko nyumbani akawasimulia, nao wakamcheka. Wakamwambia ati baridi imempanda kichwani, mbingu ya kijani iko wapi? Ilimuuma sana jamani. Mama si mtu wa kusema uongo, na hapo alikuwa ameonekana mwongo mbele ya watu anaowaongoza katika maombi. Basi kila siku ikawa, "Mercy, mwambie Baba Wafula nikipata picha moja tu, mimi mwenyewe nimesimama chini ya hizo taa, na viatu vyangu vionekane, nitarudi nyumbani na amani." (Viatu ni muhimu. Picha iliyokukata miguu kwetu ni ya kitambulisho.) Na mimi, kwa vile mwanaume anayetafuta heshima kwa mkwe hawezi kusema hajui, nikajibu, "Mwambie Mama aniachie mimi hiyo kazi." Kisha mbingu ya Birmingham ikatoa mawingu, ikatoa mvua, ikarudia mawingu, mpaka siku ya kumuaga ikafika.

Jioni hiyo watu wa maombi walijaa sebuleni kwetu, maana kesho yake Mama anapanda ndege. Giza huku wakati wa baridi huingia mapema, hata ugali tulikuwa hatujaumaliza. Mchungaji wetu alikuwa anatafuta kipapatio kwenye sufuria ndipo simu ya Upendo ikalia, akaisoma, akaruka. "Jamani! Wanasema leo taa zinaonekana mpaka huku kwetu!"

Mercy, mtu mwenye akili zake, akasema tutoke tu hapo bustanini nyuma ya nyumba tuangalie upande wa kaskazini. Kama ningemsikiliza, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini mimi nilikuwa nimepanda juu kuchukua viti na nikaona dirishani, upande ule mwingine, mbingu imegeuka pinki, pinki kabisa, na moyo ukaniruka. Nikasimama mbele ya wageni nikakohoa kidogo. "Mnifuate mimi," nikasema, "najua pahali pake." Kwa sauti ile ningeweza kugombea ubunge.

Tukatoka msafara mzima, wazee kwa suti, kina mama kwa vitenge na makoti juu yake, Wafula kwenye gari lake la kusukumwa, tukapanda kile kilima cha bustani ya umma karibu na kwetu. Na kwa kuwa shetani hakuwa amemaliza na mimi, nikiwa njiani nikaandika kwenye grupu letu: "TAA ZIMEKUJA! NJOONI KILIMANI! NIMEZIPATA!" Watu wakaja. Wengine wakatoka Balsall Heath na sahani zimefunikwa foili, wengine wakapanda teksi kutoka Small Heath, mpaka kilima kikafanana na mkutano wa injili. Na pinki ile pale, inang'aa juu ya miti, na mimi nazunguka na simu yangu napiga picha kama mtu wa gazeti, naelekeza watu, "Weka ile ya usiku, usitingishe mkono, pumua polepole." Mama alikuwa amesimama mbele kabisa, mikono kifuani. Nilijiona mkwe wa kwanza duniani.

Mchungaji akaguswa. Akavua kofia, akaomba tushukuru, na akashukuru kweli kweli, kwa mbingu, kwa safari ya Mama, kwa Mungu anayewaonyesha wageni wa nchi hii utukufu wake ulioandikwa angani, nasi tukasema "Amina!" kwa nguvu. Na pale pale tuliposema amina, ile pinki ikazimika. Haikufifia. Ilizimika tap, kama mtu amebonyeza swichi jikoni.

Kisha katika lile giza nikasikia sauti ya Mama, taratibu kabisa: "Mercy, muulize Baba Wafula, ni yeye amezima?"

Mzungu mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akipita na mbwa wake, akatuonea huruma. Akaniita "bab" (huku Birmingham hata mtu asiyekujua anakuita hivyo, ni neno la upendo), akaniambia zile ni taa za uwanja wa mazoezi ya mpira, wanaziwasha nyasi zikue vizuri wakati wa baridi, na saa yake ikifika zinajizima zenyewe. Nyasi! Nimeita waumini na teksi zao kuja kushukuru kwa ajili ya nyasi za wacheza mpira! Mchungaji akarudisha kofia kichwani akaivuta chini mpaka machoni. Mimi nilitamani kile kilima kifunguke kinimeze na simu yangu.

Lakini yule mama mwenye mbwa hakuwa amemaliza. Akanyoosha mkono nyuma yetu, upande ule ule Mercy aliousema toka mwanzo, akasema, "Za kweli ziko huko."

Tukageuka.

Mwanzoni sikuona la maana, weupe tu, kama moshi wa jiko unaopenya kwenye nyasi za paa asubuhi. Upendo akainua simu yake na kupiga, akaikazia macho, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mungu wangu. Hebu njooni muone." Kwenye kioo ule moshi ulikuwa mwekundu, mwekundu wa kweli, na chini yake kijani kimesimama wima. Kumbe kamera inakusanya mwanga ambao macho yetu yanauacha. Na tulipokuwa bado tunanyang'anyana simu, zenyewe zikakolea, mpaka simu hazikuhitajika tena. Nyekundu ikapanda ikafika juu ya vichwa vyetu, kijani ikawa inatembea, inajikunja, inajikunjua, bila sauti hata kidogo, juu ya paa zile zile za Birmingham ninazozilalamikia kila siku. Ndugu zangu, mimi nimeona mambo, lakini pale mwili wangu wote ulisisimka. Kuna mtu alianza kuimba akashindwa kuendelea.

Mama hakuimba. Machozi yalikuwa yanamtoka na hayafuti. "Mercy," akasema, "na watu wa huku wanakaa na kitu kama hiki hapa juu, halafu wanaenda kulala?"

Nikakumbuka picha. Nikachomoa simu, nikabonyeza, ikaniandikia kwamba imejaa, haina nafasi hata ya picha moja. Nilikuwa nimeishibisha pinki ya nyasi! Nikaanza kufuta kwa vidole vilivyoganda. Upendo akaniambia, "Shemeji, tumia yangu, acha ubishi," nikakataa, maana ahadi ilikuwa yangu na aibu pia ilikuwa yangu, nilitaka kuifuta kwa mkono wangu. Nikapata nafasi kidogo. Nikapanga watu mteremkoni, taa nyuma yao, Mama katikati, viatu vyake vinaonekana vizuri, na simu nikaisimamisha juu ya benchi kule juu, nikaiegemeza kwenye kofia ya Mchungaji ili isitingishike, maana picha ya usiku inataka utulivu. Nikaweka ile ya kusubiri ijipige yenyewe. Hapo Mercy akaniita, "Na wewe njoo!" Nikaona sawa, nitasimama kule pembeni, nyuma ya Mchungaji, mbali na Mama, heshima zote zimetunzwa.

Nikakimbia. Viatu vya suti, soli laini kama sahani, nyasi zimelowa, na mimi nateremka. Nilijaribu kufunga breki, jamani, breki zikakataa. Nikampita Mchungaji akipunga mkono kunizuia, nikampita Upendo, nikaenda moja kwa moja, mikono mbele, nikatua kifuani kwa mama mkwe wangu. Na Mama, badala ya kunikwepa kama mila inavyotaka, akanikamata kwa nguvu, mkono mmoja kwenye kola na mwingine mgongoni, akanguruma, "Simama wewe! Usiniangushe!" Hapo ndipo simu ikapiga.

Kwetu jambo kama hilo wazee wanaliitia kikao. Nilijichomoa nikabaki nimeangalia chini. Kisha nikasikia Mama anacheka. Alicheka mpaka akamshika Upendo asianguke, na Upendo naye, "Jamani shemeji, umemkumbatia mkweo mbele ya malaika wote!" Tulipojipanga tena, mawingu yalikuwa yameshafunga, mvua ikaanza kudondoka, na mambo yakaishia hapo. Picha ilikuwa hiyo moja.

Na ni picha nzuri, hilo nitakiri. Mbingu imewaka nyekundu na kijani kuliko tulivyoiona kwa macho, miguu yangu imetoka kama moshi kwa sababu ya mbio, lakini sura zetu wawili, kwa vile tuliganda kwa mshtuko, zimetoka safi kabisa, na viatu vya Mama vinaonekana. Nilimwomba Mercy amwombe Mama tuifute. Jibu likarudi: nikithubutu kuifuta nisikanyage tena kwake. Akaondoka nayo kwenye simu yake.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Mercy alikuwa anamwogesha mtoto, nikapokea nikitegemea ataniambia nimpe Mercy. Hakusema hivyo. Akaniambia ameichapisha kubwa, ameipeleka kanisani, wanawake wote wameiangalia.

"Wameamini taa, Mama?" nikauliza.

"Taa gani! Hakuna hata mmoja aliyeangalia juu. Wote wananiuliza huyu mwanaume niliyemshika ni nani."

Nikafumba macho. "Na ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ni mtoto wangu, alikuwa anaanguka."

Niliishikilia simu sikioni mpaka Mercy akaja akaichukua mkononi mwangu. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi: taa zile zikirudi Birmingham, nitaenda pale mke wangu atakaponionyesha, nitaweka simu mfukoni, nitasimama mahali pamoja na kuangalia.