Mikorosho Mia Mbili na Sitini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi nesi alinirudishia kadi ya bima ya dada yangu na kusema imekwisha muda. Dada alikuwa ameshapimwa uzito, anangoja kiti chake karibu na dirisha. Figo zake zimekufa. Mara tatu kwa wiki mashine humsafisha damu.

Ilikuwa Agosti. Kwetu Ziwani pesa ya bima hupatikana korosho zikishauzwa, na mwezi huo mikorosho ina maua tu.

"Hata mkilipia leo, baba, kuna muda wa kusubiri," nesi alisema. "Kwa taslimu ni laki mbili kila mara. Au nendeni ustawi wa jamii, mkaombe msamaha wa malipo."

Afisa wa ustawi alikuwa kijana mpole. Alitukaribisha tukae kabla ya kuuliza.

"Mama, una mikorosho mingapi?"

"Mia mbili na sitini, mwanangu."

"Dada," nikasema, "ile ni ya ukoo."

"Na ukoo ni nani? Si mimi?"

Kwetu shamba hupita upande wa mama, na mwanamke mkubwa kwa umri, sasa dada, ndiye msemaji wake. Miti anayovuna yeye ni arobaini. Mingine huvunwa na mama zetu wadogo na binti zao. Lakini kusema mbele ya mgeni kwamba miti hiyo si yake ni kama kuwakana ndugu. Dada hakuwa tayari kwa hilo, hata kwa ajili ya damu yake.

"Mwenye miti mia mbili na sitini siwezi kumpeleka kwenye kikao cha msamaha kama asiye na uwezo," afisa alisema. "Nyuma yenu wapo wasio na hata mche mmoja."

Alikuwa sahihi, na bado naona hivyo. Viti vya mashine ni vichache. Anayesamehewa bila haki anakalia kiti cha mwingine. Nilichojifunza baadaye, kwa kusoma peke yangu, ni kwamba kipimo kinaweza kuwa cha haki na swali lake likawa bovu. Aliuliza miti mingapi. Hakuuliza inatoa nini mwezi wa nane, wala nani anavuna.

Mchana huohuo tulikwenda kwa mnunuzi wa kangomba, anayelipa bei ya chini kwa korosho ambazo bado ni maua. Ni mtani wetu.

"Hiyo mashine inakunywa damu au inakunywa korosho?" alimuuliza dada.

"Inakunywa vyote. Wewe toa hela."

"Ukifa kabla ya mavuno nitakuja kudai kaburini."

"Njoo na jembe lako. Langu sikuazimi."

Akacheka, akahesabu laki sita kwa kilo mia sita, mavuno yote ya ile miti arobaini. Dada alizifunga kwenye pindo la khanga.

Zilitosha mara tatu. Mavuno ya mwaka yaliisha kwa wiki moja. Nilikaa pembeni mwa kiti nikitazama mpira wa damu ukienda na kurudi. Sikuhuzunika. Nilisoma namba kwenye mashine, na zilipobadilika nikazisoma tena.

Jumapili niliwaeleza wanawake wa ukoo. Hakuna aliyemlaumu dada. Jumatatu walijaa bajaji mbili hadi hospitali, wakasimama mbele ya afisa, na kila mmoja akataja miti yake: ishirini, thelathini na mitano, kumi na minane. Dada alitazama ukutani. Hakukana chochote; waliiondoa miti yao wenyewe.

Afisa aliitoa kwenye ile mia mbili na sitini hadi ikabaki arobaini.

"Na hiyo?"

"Maua yake yameshauzwa," nikasema.

Kikao kilimpa msamaha, mara mbili kwa wiki badala ya tatu, ili mwingine naye apate nafasi.

"Mbili si sifuri," dada alisema bajaji ilipofika Rahaleo, ninakoishi. Tangu siku hiyo hunywa maji kwa kikombe cha kahawa, yasimjae mwilini, na miguu ikivimba huifunika.

Msimu ulipofika, mtani alichukua magunia yake. Niliandamana naye hadi ghala la chama cha msingi kujua bei ya mnada. Baada ya makato ilikuwa shilingi elfu mbili na mia nane kwa kilo. Kwa kuuza maua, dada alipoteza shilingi milioni moja na elfu themanini.