Nilinyamaza mpaka tangazo la tatu

Kosa ni yangu. Shetani mumuache kando, hakunisukuma. Ni mi mwenyewe na mudomo wangu!

Niko mama mukristu wa Murara, hapa Goma. Katika shirika yetu, ile jumuiya ndogo ya Kanisa ya majirani, mi njo naongoza rozari. Watoto wakiniona napita wanaacha kutukana. Mutu kama mi!

Mwaka jana padiri alisoma matangazo ya ndoa ya binti mumoja wa shirika yetu, tumuite Furaha. Munajua desturi: yanasomwa siku tatu za Mungu, Jumapili tatu zinazofuatana, na mwenye kujua kizuizi aseme. Basi, mi nilikuwa nimemuona Furaha kwenye nyumba moja kule mutaa wa Lac Vert, anaanika mashati ya mwanaume kwenye kamba. Mara mbili! Nikakimbia kwa padiri: "Padiri, ule mutoto anaishi na mwanaume."

Nilisema "anaishi". Sikusema "niliona mashati".

Tena niseme yote. Fiyanse wake, ule muchumba wa matangazo, mwalimu mupole wa korali, nilimutamania binti yangu. Eeh, njo hivyo moyo wangu ulikuwa.

Padiri akasema ataulizia kwanza. Mi sikungoja. Nikawaambia wamama wawili wa rozari, eti tumuombee Furaha. Maombi gani! Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika kwa wazazi wa kijana.

Kisha tangazo la pili likasomwa, na roho yangu haikutulia. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda Lac Vert kumuona huyo mwanaume kwa macho yangu. Nikamukuta amekaa mulangoni, mifupa mitupu, anakohoa. Alikuwa kaka yake Furaha! Alitoka Masisi na kifua kikuu, familia ikamuficha kwa kuogopa midomo ya watu. Midomo kama yangu.

"Mama," akaniambia, "bila dada yangu ningekuwa nimekufa. Lakini musiseme kule Murara, watatukimbia."

Nikaitika. Na njiani nikajiambia: aa, basi natunza siri ya mugonjwa. Uongo mutupu! Ningemuambia padiri peke yake, "Nilikosea," ingetosha. Furaha naye, kwa kumulinda kaka yake, aliulizwa na wazazi wa kijana akajibu tu: "Siishi na mwanaume." Hawakumuamini. Waliniamini mi, wakavunja uchumba.

Siku ya Mungu ya tatu jina lake halikusomwa. Mama yake alitoka kanisani kabla ya baraka, kitenge usoni. Mi nilibaki naimba.

Leo kaka amepona, anakuja misa, kila mutu anajua mashati yalikuwa ya nani. Wanasema, "Mama wa rozari alikosea, ni mutu tu." Hawajui kwamba nilijua! Na hayo yalipojulikana, mwalimu alikuwa ameshaleta posa kwetu. Kwa binti yangu.

Juma lililopita tangazo lao la kwanza lilisomwa. Padiri aliposema mwenye kujua kizuizi aseme, nikafungua kitabu cha nyimbo. Furaha alikuwa benchi ya mbele yangu. Baada ya misa akanishika mukono: "Hongera, mama. Mungu abariki nyumba yenu."

Nikajibu, "Amina." Yesu wangu! Tangu siku ile nazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikisema, binti yangu asiye na kosa anaweza kukosa ndoa. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuzika Furaha mara mbili. Hata barua hii naficha jina, munaona?

Nyinyi munaoomba mbele ya watu, nawasihi: usipeleke jina ya mutu kwa padiri kabla hujamuuliza mwenyewe. Ukikosea, rudi siku ile ile. Usijidanganye kwamba kunyamaza ni kutunza siri. Mi nilikuwa na juma zima la kusema, nikaliacha lipite.

Leo wanasoma tangazo la pili. Kengele imeshalia, na binti yangu ananiita kutoka uwanjani: "Mama, toka basi, tunachelewa!"