Dizeli Kwenye Breki

Enzi zile za kukimbilia dhahabu Kewanja, pikipiki yangu ilirudi kila jioni imejaa vumbi la mawe. Mnyororo niliusafisha kwa mafuta ya taa, tangi kwa sabuni ya unga na kitambaa laini, na breki kwa maji na sabuni basi. Asubuhi moja, nikiwa nakunywa uji, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akajitia kunisaidia. Akachukua dizeli, akasugulia pikipiki nzima, hadi breki za mbele na nyuma.

"Shemeji, sasa hapa unaweza kujitazama ukinyoa ndevu!" akaniambia, akigonga tangi.

Sikujua kwamba kagusa na breki; nikampakia mke wangu, tukaondoka. Mteremkoni nikabana breki, pikipiki ikazidi kukimbia. Nikabana tena, wapi. Mbele ng'ombe walikuwa wanavuka barabara.

"Punguza, baba! Punguza!" mke wangu akalia mgongoni kwangu.

Nikakata kona, nikaingia kwenye ua wa makatani, ile mikonge yenye miiba.

Mke wangu alichubuka tu. Mimi goti lilivunjika. Shemeji akaja hospitali na soda, akakaa kitandani kwangu.

"Pole, shemeji. Lakini kubali, iling'aa."

Nachechemea mpaka leo, na ukoo wao unasema ilikuwa bahati mbaya. Hapana. Ni yeye.