Ua Nililomchagulia Bibi

Nyumba yetu ya Tottenham ilinuka mafuta ya taa kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwezi wa tano. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la bati la kuotea moto, lenye kidirisha kidogo cha kuuonea mwali wa buluu, na harufu yake iliingia kila mahali: kwenye mablanketi, kwenye mkate, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye nywele za mama. Chini ya harufu hiyo zilikuwapo nyingine, za ukuta wenye unyevu, za nguo zilizochelewa kukauka, na za kabichi iliyochemshwa ghorofa ya juu alikokaa mama mwenye nyumba. Udi hatukuchoma. Mama mwenye nyumba alitukataza tangu wiki ya kwanza, akidhani tunataka kumchomea nyumba, na hata angeruhusu, udi wenyewe ulikuwa umekwisha siku nyingi na hapakuwa na mtu wa kutuletea mwingine. Bibi, yaani mama yake mama, alikaa karibu na lile jiko kutwa nzima na shali mbili mabegani. "Nchi hii kila kinachoweza kunuka kinanuka," alikuwa akisema. "Kinachonukia sijakikuta."

Tuliondoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo Unguja yangu ni ya kusimuliwa. Tulikaa Mombasa miaka miwili, kisha baba akapata njia ya kuja London na kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha mikate, nasi tukamfuata pamoja na Bibi. Mama mdogo Zuhura, mdogo wake mama, alibaki Mombasa kwa mumewe. Macho ya Bibi yalianza kupungua mwaka wetu wa tatu London. Daktari alisema tumechelewa, na aliyemtafsiria Bibi maneno hayo ni mimi, nimesimama kati ya viti vyao viwili. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika familia. Baba alikuwa na Kiingereza cha kiwandani, mama alikuwa na cha dukani, na mimi nilikuwa na chote kilichobaki. Barua ya shule, barua ya manispaa, bomba lililopasuka, yote yalipita mdomoni mwangu. Mtoto akishatambua kwamba wakubwa wake hawajui ila anachowaambia yeye, ameshika kisu kikali kuliko umri wake, na hakuna anayemwona nacho.

Nilipokuwa na miaka tisa, mama mdogo Zuhura aliandika kwamba Bibi arudi Mombasa akakae kwake. Chumba kipo, jua lipo, na chini ya dirisha upo mti wa asumini unaochanua mpaka unachosha. Baba alikuwa tayari kukata tiketi. Bibi hakusema ndiyo wala hapana. "Kipofu akisafiri anahamisha kiza tu," alisema, akageukia jiko lake. Alikuwa amekata tamaa, na haikuwa tamaa ya kukatika mara moja. Alianza kuacha nusu ya chakula chake, kisha akaacha kuniuliza habari za shule, kisha akaacha hata kulalamika, na hilo ndilo lililomtisha mama. Baba alilala mchana. Mama hakuwa na mtu mwingine wa kusema naye katika nyumba ile, labda katika mji ule mzima, ila mama yake huyo. Alihangaika mpaka akapata wazo. Huko kwetu, nasikia, jioni haikupita bila Bibi kutunga asumini, akazifunga na rehani na vilua kuwa kikuba cha kuvaa kifuani, na akipita uchochoroni majirani walijua ni yeye hata kabla hawajamwona. "Macho hana, lakini pua anayo," mama aliniambia. "Akilisikia ua linanukia hapa mlangoni, roho yake itakumbuka inachokifuata Mombasa. Atasema ndiyo."

Jumamosi moja ya mwezi wa nne tukaenda sokoni. Muuza miti alikuwa mzee mnene mwenye udongo kwenye kucha, na mama alimwomba asumini kupitia kwangu. Yule mzee akauliza kwetu pakoje. Nikamweleza kwamba ni ua mdogo wa nyuma, sakafu ya saruji, ukuta wa matofali, jua la asubuhi tu, na kwa kuwa hakuna udongo tutapanda ndani ya karai. Akatikisa kichwa: asumini hapo ingeteseka. Akatupeleka kwenye klematisi, mmea wa kutambaa ambao kwa Kiswahili hauna jina, na mama alipojaribu kuutamka ukamtoka "kilematisi". Mzee alizieleza klematisi zake kama mtu anayetafutia mabinti zake wachumba. Hii hairefuki sana, itakaa vizuri kwenye chombo. Ile itafunika nyumba nzima na ya jirani, usithubutu kuitia kwenye karai. Na zote, alisema, zinataka miguu ikae kivulini na kichwa kikae juani. Wakati ule zilikuwa vijiti vitupu vyenye majani mawili matatu, kila kimoja kimefungiwa kadi yenye picha, kwa hiyo hapakuwa na cha kunusa. Mama akachagua viwili vilivyofaa karai. Kimoja picha yake ilikuwa ya ua la zambarau, kubwa kama kisahani cha chai. Kingine kilikuwa na viua vyeupe vidogo, nyota nyota. "Muulize kipi kinanukia," mama akasema. Nikauliza. Mzee akagusa kile cheupe: hicho, mwisho wa kiangazi, kitanukia mpaka kwa jirani. Cha zambarau ni cha kutazama tu, hakina harufu hata ukikitia puani.

"Nilivyodhani," mama alisema kabla sijafumbua mdomo, naye amekwisha kukinyanyua kile cheupe. "Ua la kunukia haliringi kwa ukubwa."

"Siyo hicho, Mama," nikasema. "Anasema hicho hakina harufu. Cha zambarau ndicho kinachonukia."

"Umemuuliza sawasawa?"

"Nimemuuliza."

Mama akamtazama yule mzee. Mzee, kwa kuwa hakuelewa tulilosema, akatabasamu kwa adabu, na mama akalichukua tabasamu lile kuwa ndiyo. Akakirudisha cheupe mahali pake.

Sababu yangu ilikuwa ndogo, na mpaka leo naona haya kuitaja. Njiani kwenda shule ilikuwapo nyumba ya msichana wa darasani kwetu, Susan, na kila mwezi wa sita mlango wao ulizungukwa na klematisi ya zambarau. Susan ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziba pua nilipokaa karibu yake. Kwa akili yangu ya miaka tisa, nyumba yenye maua yale haiwezi kuambiwa inanuka. Kuhusu Bibi sikuwaza baya lolote. Nilidhani mtu mzee akiletewa ua atafurahi tu, na kwamba mambo ya harufu ni maneno ya mama.

Tuliupanda kwenye karai la bati lililotoboka, tukaziba juu ya udongo kwa vipande vya vigae ili miguu ikae kivulini kama tulivyoelekezwa, na baba akapigilia kamba ukutani. Mmea ukapanda upesi. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba Bibi naye alianza kuinuka. Kila nilipotoka shule aliniita, "Njoo, mjukuu wangu, nambie leo umefika wapi." Nikawa namwambia umefika kwenye kitasa, umefika kwenye dirisha, umetoa tumba la kwanza, matumba ni sita. Akauliza kama matumba yanafumba kwa ncha kama ya asumini. Nikasema ndiyo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa imezoea kunitoka. Akaanza kula. Akamwambia mama afue buibui lake, lisije likanuka mafuta ya taa mbele ya watu wa Mombasa. Akamtuma baba aulize ndege inachukua saa ngapi. Usiku nililala nikiomba matumba yadondoke, na asubuhi nilikimbilia nje kuyahesabu, nikayakuta yamenona zaidi. Wiki mbili nzima nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nilisema nitasema kesho.

Ua la kwanza lilifunguka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tano. Mama alimwogesha Bibi, akamvika kanga mpya, akatoa kiti nje. Mimi nilimshika mkono nikaupeleka. Bibi akalipapasa kwa vidole viwili, petali moja baada ya nyingine, akasema, "Kubwa hili." Kisha akainama, akavuta pumzi kwa utulivu wa mtu anayenywa kahawa ya kwanza. Akavuta tena. Mama naye, nyuma yake, akainamia ua la pili lililokuwa limefunguka nusu, akainuka. Nilisikia redio ya jirani.

"Sisikii chochote," Bibi akasema.

"Labda bado ni asubuhi mno, Mama," mama akamwambia.

"Mtoto alisema linanukia?"

"Alisema," mama akajibu.

Bibi akaugeuza uso upande wangu. Macho yale hayakuniona, nami niliyakimbia hivyo hivyo. "Basi ni mimi," akasema. "Jiko nalisikia. Kabichi ya yule bibi naisikia. Zinazonuka zote nazisikia, zinazonukia ndizo zilizonikimbia." Akaomba arudishwe ndani.

Mama alikwenda duka la dawa akanunua kichupa cha manukato, akampitishia puani. Bibi akasema hiyo ni spiriti, na kweli ilikuwa spiriti. Barua ya mama mdogo Zuhura ikaja ikiuliza tarehe. Jibu niliandika mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri, na Bibi akanitajia maneno: mwambie asinisubiri, mtu asiye na macho wala pua asumini atakwenda kuifanyia nini. Niliyaandika neno kwa neno. Safari hiyo sikubadilisha hata moja. Ukutani maua ya zambarau yalifunguka yote, ishirini na kitu, mazuri kuliko ya kina Susan, na Susan mwenyewe hakupita kwetu hata siku moja kuyaona. Bibi alirudi kwenye jiko lake, akaacha nusu ya chakula, kisha robo tatu. Alifariki mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, siku ya mvua, na wanaume waliomzika walirudi na udongo mzito wa mfinyanzi umeganda viatuni. Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi nilikuwa mjukuu, na kwangu majuto hayakuchelewa. Yalikuwapo tangu siku ile sokoni, yamekaa kimya pembeni yangu.

Sasa nakaa Ilford, mashariki ya London, na nina bustani. Klematisi nazijua kuliko yule mzee. Najua zipi hukatwa mpaka usawa wa goti mwisho wa baridi na zipi ukizikata hivyo umejinyima maua ya mwaka mzima. Zipi hutosheka na chungu cha barazani na zipi zitakipasua. Majirani huja kuniuliza wachague ipi, nami huwauliza kwanza ni ya kutazama au ya kunusa, nao hucheka, hawajui ninauliza nini. Madukani sasa zipo aina nyingi ajabu, na ukielekeza simu kwenye kadi itakusomea kila kitu kwa lugha yako. Mama angekuwa na simu ile asingenihitaji. Binti zangu wananielewa nikisema Kiswahili, wananijibu kwa Kiingereza, na hakuna mtu anayewategemea kumwambia kilichosemwa na daktari. Nafurahi kwa ajili yao. Watoto wa leo wanadanganya kama sisi, lakini uongo wao haufiki mbali.

Mama ana zaidi ya miaka themanini, anakaa nami. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa imefika miaka hamsini na sikuona mwisho wake. Mwaka jana, mchana mmoja akichagua mchele kwenye sinia, mchele wa dukani usio na jiwe hata moja, nilikaa mbele yake nikamwambia. Nilimwambia alichosema yule mzee na nilichosema mimi. Nilikuwa nimejiandaa alie, au anifukuze, au aseme yameshapita. Hakuacha kuchagua mchele.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" akauliza.

"Tisa."

"Mimi thelathini na mbili," akasema. "Nami nilikuwa na pua."

Ilinichukua muda kumwelewa. Nikamuuliza, kama alijua siku ile ile kwamba ua halina harufu, kwa nini hakumwambia mama yake. Akasukuma mchele upande mmoja wa sinia, akaurudisha.

"Angekwenda," akasema. "Nami ningebaki na nani?"

Tuliketi pale mpaka wali ukachelewa. Nilikuwa nimeamini kwamba mwenye kosa ni mmoja, na kwamba siku nikilitua nitapumua. Nimelitua, na sikupumua, kwa sababu tuko wawili, na mtu ambaye angeweza kutusamehe aliondoka akiamini kosa ni lake.